Tiramisu Isiyopita Motoni

Mama mkwe wangu alifika kwetu Bweri na kikapu cha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mfuko wa unga wa muhogo, chumvi yake imefungwa kwenye kitambaa, na mafiga matatu. Ndiyo, mafiga. Mtu ametoka Butiama na mawe kuja nayo Musoma, mji ambao ukikosa kila kitu hukosi mawe. Kijana wa bodaboda aliyemtoa stendi alishusha ule mzigo, akajifuta jasho, akaniuliza kama tunajenga.

Sababu ya mawe ilikuwa mimi. Kwa mila za upande wao, mama hali chakula cha mume wa binti yake. Halali chini ya paa lake, hamtazami usoni, na wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu mwingine. Si chuki, ni heshima, ila heshima yenyewe ni nzito kuliko gunia la mahindi. Mwenye kuulegeza mwiko huo ni baba mkwe: anakuja na ndugu zake, anachinjiwa mbuzi, anakula yeye kwanza, kisha mkewe anafuata. Baba mkwe wangu kila mwaka alisema atakuja mwakani. Akafariki kabla mwakani haijafika, na mwiko ukabaki ulivyokuwa.

Safari hii mama hakuja kutusalimia. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na kule nyumbani alikuwa anamtambua ng'ombe kwa mlio na mjukuu kwa kikohozi. Hospitalini walikubali kumfanyia upasuaji. Lakini daktari alipompima alikuta damu imepungua, akaweka kalamu chini.

"Mama, jicho hatuligusi mpaka ule vizuri. Maziwa, mayai, nyama. Pumzika hapa mjini wiki mbili, urudi ukiwa na nguvu."

Mama aliitikia vizuri sana. Kisha akarudi nyumbani, akaenda nyuma ya chumba cha nje tulichompangia, chumba chenye paa lake peke yake, akawasha moto kwenye mafiga yake na kuchemsha michembe. Kesho yake michembe. Keshokutwa ugali wa muhogo na chumvi.

"Kikapu kikiisha narudi kwangu," alimwambia mke wangu. "Macho haya yameona mengi, yanatosha."

Mke wangu alilia jikoni. Mimi sikulia, nilikasirika. Nieleweni: mimi ni mpishi. Nimepika miaka mingi kwenye kambi ya watalii huko porini, ukishapita Bunda, chini ya mama mmoja wa Kitaliano mwenye sauti ya king'ora, na sasa nina jiko langu la keki hapa Bweri. Kazi hiyo mama mkwe hajawahi kuikubali. Akiulizwa kanisani kwao mkwe wake anafanya nini, anajibu, "Anafanyaga kazi porini," na watu wanadhani nakamata majangili. Lakini nimelisha Wajerumani, nimelisha Wajapani, nimelisha bwana mmoja aliyedai hawezi kula kitu chenye kivuli cha kitunguu. Leo mama wa mke wangu anakonda uani kwangu, hatua chache kutoka kwenye jokofu langu. Iliniuma, tena iliniuma vibaya.

Nikaanza na panakota. Ni kitu rahisi kuliko jina lake: maziwa na krimu, sukari, vanila kidogo, unapasha bila kuchemsha, unatia jelatini ya kugandisha, unamimina kwenye vikombe, friji inamalizia. Nilisema moyoni, daktari kasema maziwa, haya ni maziwa yaliyosimama wima. Mke wangu akampelekea kwenye sahani. Mimi nikakaa kando ya tanki la maji nimewapa mgongo, kama inavyotakiwa.

"Hii kitu ni nini?" mama akauliza.

"Ni maziwa, mama."

Akaigusa kwa kidole, nilivyosimuliwa baadaye. Ikatikisika. Nilisikia kiti kikirudi nyuma.

"Mbona inatetemeka? Imeogopa nini?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Ni ya Kitaliano."

"Imepita motoni?"

Mke wangu hajui kusema uongo. Ni kasoro aliyokuja nayo kutoka kwao. "Kidogo tu, mama."

"Moto haunaga kidogo. Mwambie mwenzio nimeshukuru."

"Mama ameshukuru," mke wangu akaniambia, kana kwamba nilikuwa mbali kule Tarime.

"Mwambie mama karibu tena."

"Anasema karibu tena, mama."

Sahani ikarudi. Nilivila vikombe vyote mwenyewe, nyuma ya tanki, kwa hasira, na kusema kweli ilikuwa panakota nzuri sana.

Nikajaribu jelato, aiskrimu ya Kitaliano, nikijidai kwamba baridi ni kinyume cha moto. Hasira ilinipofusha: jelato ya kweli inaanzia jikoni, viini vya mayai na maziwa vikikorogwa juu ya moto mdogo. Nilikumbuka hilo nikiwa na mwiko mkononi na sufuria inafuka moshi. Umeme nao ukakatika, jelato ikawa uji mtamu. Ile haikufika hata mbele ya hakimu.

Kikapu kilikuwa kimeshuka chini ya nusu. Ndipo nilipompigia simu baba mdogo wa mke wangu, kule Butiama, mzee anayeulizwa mambo ya mila kama wengine wanavyomuuliza fundi mambo ya pikipiki. Nilimuuliza kama anaweza kuufungua mwiko mwenyewe. Akasema hawezi, yeye ni mdogo wa marehemu, na mdogo hafungui mlango wa kaka.

"Sasa baba, huo mwiko unakataza nini hasa?"

"Unakataza moto wa mkwe na mkono wa mkwe. Mama asile kilichopita kwenye moto wako, wala kilichotengenezwa na mkono wako. Basi."

"Na kisichopita motoni, kikatengenezwa na mkono wa binti yake?"

Akafikiri. "Binti alimzaa mwenyewe, mkono wa binti ni mkono wake. Maji anakunywaga, si ndiyo? Ndizi mbivu anakulaga. Unataka kumpa ndizi?"

"Hapana baba. Nataka kumpa tiramisu."

"Hao ni wa ukoo gani?"

Sikumweleza. Nilikuwa tayari nimesimama. Tiramisu! Kitu pekee ambacho yule mama wa Kitaliano alikuwa anatengeneza majiko yakiwa yamezimwa, siku gesi ilipotuishia. Biskuti zinachovywa kwenye kahawa, zinapangwa, krimu inafuata, tena biskuti, tena krimu, juu unapepeta unga wa kakao. Mayai niliyaacha, kwa sababu mabichi simpi mgonjwa na ya kupikwa yana moto. Jibini laini ya Kitaliano inayotengeneza krimu haipo Musoma. Badala yake nikaagiza maziwa mgando mazito kwa mama muuza maziwa wa jirani, mke wangu akayafunga kwenye kitambaa cheupe, akayaning'iniza yachuruzike mpaka yakawa mazito kama siagi. Kahawa akailoweka kwenye maji ya baridi siku moja kabla.

Shida ikabaki moja. Mpishi ni mimi na mikono inayotakiwa ni ya mke wangu, ambaye kwenye ndoa yetu hajawahi kutengeneza kitu kitamu, kwa sababu, alivyosema siku ya kwanza, nyumba haiwezi kuwa na wendawazimu wawili.

Basi akaingia jikoni, mimi nikasimama nje ya dirisha, mikono nyuma.

"Koroga krimu na sukari. Polepole! Hiyo si sima!"

"Usinipigie kelele."

"Sipigi kelele, naelekeza. Biskuti sasa. Chovya, toa. Chovya, toa. Biskuti inaoga, haizami!"

"Hii imevunjika."

"Umeizamisha! Nimesema haizami!"

"Ingia ufanye mwenyewe basi!"

"Ningeweza kuingia ningekuwa huku?"

Vidole vyangu vilikuwa vinacheza vyenyewe nyuma ya mgongo. Aliweka kakao katikati badala ya juu, akaitoa kwa kijiko, akaniambia nikiguna tena anafunga dirisha. Nikamkumbuka yule mama wa Kitaliano na king'ora chake, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia. Mwishowe bakuli likaingia friji limeinama upande mmoja, lakini lilikuwa tiramisu, na jioni yake likapelekwa uani. Mimi nikarudi kwenye tanki langu.

"Imepita motoni?" mama akaanza.

"Haijapita, mama."

"Hizi biskuti je? Biskuti inaokwaga."

"Zimeokwa kiwandani."

"Kiwanda si mkwe wangu. Na hii harufu ya kahawa? Kahawa inakaangwaga."

"Wamekaanga watu wa Kagera, mama."

"Watu wa Kagera sijawapa binti." Nikasikia bakuli likivutwa. "Mkono wa nani?"

"Wangu."

"Peke yako?"

"Hakugusa hata kijiko, mama."

Kisha kijiko kikagonga bakuli. Kikagonga tena. Sijawahi kupigiwa makofi na mtalii yeyote yakanipendeza kama mlio ule wa kijiko. Nililia, na nilishukuru kwamba mila inaniruhusu kuwa nimegeuka.

"Mwambie mwenzio," mama akasema baadaye, "haya maziwa yana akili."

Tangu siku ile alikula kila siku. Tulipanua sheria kwa tahadhari: maembe, parachichi, mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe. Mayai ya kuku wetu aliyachemsha kwenye mafiga yake, kwa hoja kwamba kuku hajamwoa binti yake. Dagaa mke wangu alimpelekea wakavu, akawapika mwenyewe kwenye moto wake. Kikapu kilikwisha na hakuna aliyekitaja. Daktari alipompima tena aliuliza amekula nini, mke wangu akataja tiramisu, daktari akaandika "lishe bora" na kumpangia siku.

Jicho la kwanza lilifunguliwa, likaona. La pili likafuata. Siku alipotoka hospitalini nilisimama getini nikitazama barabara, yeye akapita nyuma yangu kwa heshima zote. Alikuwa na macho mapya na bado hakuniangalia. Alifunga mafiga yake, akarudi Butiama. Nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma kidogo. Unamlisha mtu mpaka anaona, na mtu wa kwanza asiyemwona ni wewe.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja asubuhi nikiwa napamba keki ya harusi ya watu wa Nyasho, simu yangu ikaita. Namba ya mama. Nikajua amekosea, alitaka ya mke wangu. Mama hajawahi kunipigia.

"Mama, subiri nimwite mwanao," nikasema.

"Usimwite. Nakutaka wewe."

Nikakaa chini. Nilikalia ndoo ya krimu, lakini hilo nililigundua baadaye.

"Mkwe," akasema, moja kwa moja kwangu, bila mtu katikati. "Nilikuwa kipofu, sikuwa kiziwi. Siku ile nilisikia yote uliyosema pale dirishani. Koroga polepole, chovya, toa. Mtu mzima anafokea biskuti."

Nilijua kinachofuata: atasema tumemdanganya, mwiko umevunjwa, hatakanyaga tena Bweri.

"Nikajiuliza, nile nisile? Mwiko unasema moto. Unasema mkono. Sauti haikutajwa. Na leo katikati yetu ipo simu."

"Ndiyo, mama."

"Marehemu angekuja. Alikuwa mvivu wa safari tu, lakini alikupenda." Akakohoa. "Sasa nisikilize. Jumapili njooni na mke wako. Utakaa nje chini ya ukuta, mimi nitakuwa ndani, na nitakutolea bakuli. Mkwe wangu hajawahi kula cha mkono wangu na mimi nazeeka. Mgando nimeuchuja tangu jana, nauona umekuwa mzito vizuri, mweupe kabisa. Biskuti ninazo. Kahawa imelowa. Hakuna moto hapa."

Nikasikia bakuli likiwekwa mezani.

"Haya, sema. Mikono ni yangu."

Keki ya watu wa Nyasho ilikuwa inasubiri, na krimu imenipaka suruali yote nyuma. Nikaiacha isubiri.

"Anza na kahawa, mama. Imimine kwenye sahani pana. Halafu chukua biskuti moja."

"Nimechukua."

"Chovya, toa."

"Usifoke."

"Sifoki, mama. Naelekeza."