Baba na Samaki wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alirudi Garissa na tangi la kioo alilolizungushia mablanketi, amelipakata njia nzima kutoka Nairobi. Ilikuwa baada ya zile mvua kubwa za El Nino zilizoujaza mto Tana hadi ukapanda kingo zake na barabara ikakatika kwa miezi. Maji yalipopungua yaliacha madimbwi kila upande wa mto, na ndani ya madimbwi walinaswa samaki. Hao ndio aliowajia. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, na mwalimu wake alimkubalia achunguze jambo moja: samaki aliyekaa dimbwini miezi yote hiyo, kwenye maji ya moto yasiyotembea, je, bado anaogelea kama mwenzake aliyebaki mtoni?

Aliposema hivyo sebuleni kwetu, mtaa wa Iftin, nilimtazama baba nikingoja acheke. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa ngamia na ng'ombe tangu utotoni. Kwetu samaki hakuwa chakula, wala hakuwa mazungumzo. Bibi yetu alikuwa akisema mdomo uliokula samaki usimkaribie. Lakini baba hakucheka. Aliweka kikombe chini, akauliza, "Utajuaje kwamba samaki amechoka? Ngamia akichoka hupiga magoti. Samaki hana magoti."

"Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kukupa, aabe," mdogo wangu akasema.

Baba akatabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia.

Lazima nieleze nilivyokuwa. Mama yetu alifariki nikiwa kidato cha pili. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo niliacha shule nikashika jiko, na mdogo wangu akapelekwa shule ya bweni. Baadaye niliolewa Liboi, mpakani, ndoa ikanishinda, nikarudi nyumbani kwa baba. Kila asubuhi nilimpikia anjera na chai ya maziwa ya ngamia. Alikula akisikiliza redio, akasema alhamdulillahi, akaondoka kwenda sokoni. Nilidhani ndivyo alivyo, mtu asiye na maneno asubuhi. Nilimheshimu kwa ukimya huo. Hata nilijivunia kwamba ni mimi tu ninayeujua.

Basi tangi likawekwa uani, chini ya kivuli cha makuti. Chini yake mdogo wangu alilaza karatasi aliyoichora miraba. Alileta samaki kwenye ndoo, perege wa dimbwini siku moja na wa mtoni siku nyingine, akamtia mmoja mmoja. Hakuanza kazi papo hapo. Alisema samaki aliyetoka kushikwa anaogelea kwa hofu, na ukimhesabu wakati huo utakuwa umeihesabu hofu yake. Kwa hiyo walimwacha atulie. Walitundika mkeka mbele ya kioo, wenye tundu la kuchungulia, ili kivuli cha mtu kisimshtue. Kisha kila samaki alipovuka mstari mmoja kuingia mraba mwingine, alihesabiwa, kwa muda uleule kwa kila mmoja wao.

Na aliyekuwa kwenye tundu ni baba.

Ilianza kama utani. Asubuhi moja aliomba aone. Siku iliyofuata alichelewa kwenda sokoni. Baada ya hapo akawa anamtuma mpwa wake sokoni amwangalizie mifugo, na yeye anakaa kwenye kigoda uani, tasbihi mkononi, akisukuma punje moja kila samaki avukapo mstari. Nilimwambia kwamba tasbihi si kitu cha kuhesabia samaki. Akanijibu, bila kutoa jicho kwenye tundu, kwamba hao nao wameumbwa na Mungu. Chai niliyomwekea ilipoa mpaka ikafanya utando. Niliichukua nikaimwaga, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa vilevile.

Walikuwa wakizungumza saa zote. Baba alisema samaki wa dimbwini atakuwa goigoi, kama ndama aliyefungwa zizini. Mdogo wangu alimwambia tusiseme kabla hatujapima. Ilipotokea kwamba wale wa dimbwini walivuka mistari mingi zaidi, tena karibu na uso wa maji, wakipandisha midomo juu, baba alishangaa kama mtoto. Mdogo wangu alimweleza kwamba maji ya moto huwa na hewa kidogo, na huenda samaki hao wamezoea kuitafuta juu, ila hana hakika bado. Baba akarudia maneno hayo usiku mbele ya wageni: huenda, ila hatuna hakika bado. Sikuwahi kumsikia akisema hana hakika.

Nilikuwa jikoni. Dirisha la jiko linaangalia uani.

Wivu si kitu ninachopenda kukiandika, lakini sina jina lingine la kukipa. Nilisogea dirishani kila walipoinamisha vichwa pamoja. Nilianza kuona vitu vidogo: kwamba anamwita yeye *abaayo*, neno la Kisomali la kumwita dada kwa upendo, kwa sauti laini, na mimi ananiita kwa kuuliza kitu kilipo. Kwamba alimtafutia betri za kamera aliyokuja nayo soko zima, wakati taa yangu ya jikoni ilikaa wiki bila utambi. Nilikuwa nikikata vitunguu na kujipangia mashtaka kichwani, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa ya kweli.

Kazi ya uani ilipoisha walihamia mtoni, kwenye shamba la jamaa yetu lenye pampu ya kumwagilia ndizi. Hapo walitengeneza mfereji wa mbao, wakautandika plastiki, na kuziba kila upande kwa wavu. Pampu ilisukuma maji kutoka upande mmoja. Samaki akitiwa, hugeuka mwenyewe akaelekea mkondo, akawa anaogelea bila kwenda popote. Mdogo wangu aliongeza nguvu ya maji kidogo kidogo. Samaki alizidi kupiga mkia, akazidi, mpaka nguvu zikamwisha na maji yakambandika kwenye wavu wa nyuma. Hapo hapo pampu ilipunguzwa na samaki akarudishwa kwenye ndoo apumzike. Ule mkondo uliomshinda ndio uliokuwa jibu. Mikia ilipigwa upesi mno kwa jicho la mtu, kwa hiyo kamera ilinasa kila kitu, na baadaye walitazama kanda nyumbani kwa mwendo wa polepole, wakihesabu.

Niliwapelekea chakula siku moja mchana. Nikiwa bado juu ya ukingo nilimsikia baba akicheka. Kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, alikuwa ameinama juu ya mfereji, akimhimiza samaki kwa maneno anayowahimizia ngamia wanaovuka maji. Mdogo wangu alikuwa amemshika mkono asiteleze. Nilisimama na ile sufuria ya wali. Tangu mama afariki sikuwa nimekisikia kicheko hicho, nami ndiye niliyekaa naye.

Niliweka sufuria chini ya mgomba nikarudi bila kuwasalimu.

Matokeo yalipokusanywa, mdogo wangu alisema wale wa dimbwini walishindwa na mkondo mapema kuliko wa mtoni, karibu wote. Angekwenda Nairobi kuyaeleza mbele ya walimu wake. Baba akatangaza wakati wa chakula kwamba ataandamana naye. Alikwisha kutuma kanzu kwa dobi.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Liboi ni karibu kuliko Nairobi," nikasema. "Nilikaa Liboi miaka. Hukuja hata siku moja."

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Baba alinawa mikono polepole, ingawa hakuwa amemaliza kula.

"Nilisikia unavyoishi kule," alisema baadaye. "Watu waliniambia. Ningekuja ningekuona kwa macho yangu. Nikishakuona ningekubeba nikurudishe nyumbani. Na wale wakwe zako walikuwa watu ninaofanya nao biashara." Alijipangusa mikono. "Nikaona nisione."

Nilimuuliza kama hilo ni jibu. Akasema ni kweli, ila hajui kama ni jibu. Akaenda kuswali.

Usiku ule mdogo wangu alikuja kulala kwenye mkeka wangu kama zamani. Nilimwambia amenichukulia baba. Sikutumia neno jingine. Hakukasirika. Alisema, "Wewe unajua sukari ngapi anaweka kwenye chai. Mimi nilimuuliza juzi kama mgeni. Nimetafuta kitu cha kumfanya akae nami, nikapata samaki." Nikamwambia yeye alikuwa na nafasi tele, kwamba bweni lilikuwa bora kuliko jiko. Akasema labda. Tukalala tumepeana migongo.

Walikwenda. Nilikaa peke yangu nyumbani, nikafagia pale uani palipokuwa na tangi. Ndoo moja ilibaki na perege watatu ambao mdogo wangu aliniomba niwarudishe mtoni. Niliwapeleka kwa mkokoteni wa punda wa jirani, nikawamwaga penye maji ya utulivu, wakatoweka mara moja. Sikuona alichokuwa akikiona baba. Nilijaribu, niliendelea kutazama maji kwa muda, yakabaki maji.

Baba alirudi, akasimulia habari za Nairobi kwa mwezi mzima. Ukumbi, walimu wenye miwani, jinsi binti yake alivyoulizwa maswali na kuyajibu. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa, na mimi nikimimina chai nilisikia upya. Mdogo wangu alipata nafasi ya kusoma zaidi ng'ambo, kwenye maabara ambako, aliandika, kamera humfuata samaki na kompyuta huhesabu yenyewe. Baba alisikitika kusikia kwamba hakuna tena mtu wa kuhesabu.

Mimi niliolewa tena kabla muongo ule haujaisha, na mwanamume mwenye duka karibu na kambi za Dadaab. Mwanamume mpole. Sikuwa nimemaliza hata kupanga vyombo baba aliposhuka kwenye lori la mkaa, vumbi mpaka kwenye nyusi, bila kumtuma mtu kutuarifu. Alizunguka nyumba, akagusa ukuta, akaangalia tangi la maji na mbuzi wetu. Alinitazama usoni muda mrefu, kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

"Nimekuja kuona," akasema.

Nikamkaribisha, nikachemsha chai. Alipokaa akavuta pumzi, akatoa picha mfukoni: mdogo wangu kando ya tangi refu, amevaa koti jeupe. Akaanza kunieleza jinsi lile tangi linavyofanya kazi. Alieleza yote. Chai haikupoa, maana alikunywa huku akisema, na mimi nilisikiliza nikiona wivu uleule umekaa kando yangu kama jamaa tuliyesafiri naye. Alipomaliza kikombe nikamwongezea.