Dirisha Moja la Vipimo Vyote

Nilizaliwa Tsaramandroso, Mahajanga, mwishoni mwa miaka ya sabini, katika nyumba iliyosema Kikomoro jikoni na Kimalagasi mlangoni. Ukubwani nikawa mchoraji wa ramani za nyumba kwa msanifu majengo mmoja, mwanamke mkali. Kalamu nilikuwa nimeshaiacha. Nilichora kwa kompyuta.

Tukapata kazi kisiwani Nosy Be: nyumba kuukuu ya ufukweni Andilana igeuzwe hoteli. Kila dirisha lilikuwa na kipimo chake, na yote yalitakiwa mabawa ya vibao vya mshazari, yapitishe upepo, yazuie jua.

"Chora moja moja," bosi aliniambia kwa Kifaransa.

"Nitachora moja tu, litakalokubali vipimo vyote."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mzaha msibani.

Nikaunda dirisha ambalo upana na urefu wake ni namba za kujaza. Nilipoongeza urefu, vibao vilinenepa vikawa kama mbao za kitanda. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeiamuru kompyuta ilivute dirisha, bila kuieleza dirisha ni nini. Nikaanza upya: unene wa kibao usibadilike, nafasi kati ya vibao iwe ileile, kinachobadilika kiwe idadi. Nikaandika urefu mpya. Vibao vikajiongeza vyenyewe, kimoja juu ya kingine. Wallahi, niliinuka kitini.

Siku ya kikao tulivuka hadi Andilana. Mwenye nyumba, mjane aliyeirithi, akaketi chumbani akatazama nje.

"Mgeni aliyekaa haoni bahari," akasema. "Madirisha yaanzie chini zaidi."

"Yote?" bosi akauliza, uso umemsawijika.

Nikafungua kompyuta mapajani, nikabadili namba moja, ile ya kimo cha dirisha kutoka sakafuni. Madirisha yote yakashuka, mabawa yakarefuka, vibao vikajaza pengo.

Mjane akainama karibu. "Na lile la ngazini? Mtoto ataanguka!"

"Hilo nalirudisha, Madamu." Nikalipandisha peke yake, mengine hayakutikisika.

Juma lililofuata bosi alivuta kiti mezani pangu.

"Nifundishe. Nataka ngazi inayojihesabia vidato."

Nikamfundisha, naye hakuona haya kuuliza. Ngazi yake ya kwanza ilitoboa paa kwenye skrini, tukacheka mpaka machozi. Ya pili ilijengwa Ambatoloaka, kisiwani humohumo, na mpaka leo wageni wanaipanda.