Bunduki Iliyolia Bila Kuguswa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha chuma na tupa, nikaambiwa nikinyooshe. Ilikuwa katika atelye, yaani karakana, ya kiwanda kimoja hapa Likasi, na aliyenipokea alikuwa Kapita, msimamizi wetu, mtu mfupi ambaye nguo zake za kazi zilipigwa pasi kila siku. Nilipiga tupa asubuhi nzima. Nilipompelekea, alikiweka kile chuma juu ya bamba la kupimia, akainama kuona kama mwanga unapita chini yake, kisha akakitupa kwenye pipa. Kijana mwingine aliyeanza kazi siku ileile alileta chake baadaye. Kapita alikitazama, akatikisa kichwa kwa furaha, akakiweka mezani kwake. Kijana yule aliitwa Mumba, na tangu saa ile sijawahi kuwa na amani naye.

Nawaambia mapema, ninyi mnaojifunza ufundi leo, msije mkasema mzee aliwaficha. Wengi wakistaafu husimulia kana kwamba kazini watu wote walikuwa wakipendana. Mimi nilimwonea Mumba wivu nikiwa na meno yote, na sasa yamebaki machache, wivu uko palepale. Sioni haya kusema. Mtu aliyefanya kazi benchi moja na Mumba asione wivu, huyo hakuwa akitazama.

Kazi yetu iliitwa ajustaji, yaani kuvifanya vyuma viwili vikae pamoja visibane wala visilegee. Ni kazi ya vidole. Mimi vidole vyangu vilifundishwa kwa shida, vya Mumba vilizaliwa vinajua. Kiwanda kilipoanza kusuasua, mimi nilipelekwa Koni, kwenye mitambo ya umeme ya mto Lufira, na Mumba akabaki mjini anakula mikate ya moto.

Mkuu wetu kule Koni alikuwa mhandisi tuliyemwita Ingénieur, mtu wa maswali. Ukimwambia mashine inatikisika, hakuchukua hata spana. Aliuliza inatikisika saa ngapi, nani alikuwa karibu, na mkono wa nani uligusa nini kabla haijaanza. Kisha alimwita mhusika, akamwambia afanye tena yaleyale mbele yake. Tulimcheka kisirisiri. Lakini nilirudi Likasi na mazoea yake, na ni kitu pekee nilichopata maishani ambacho Mumba hakuwa nacho.

Niliporudi, Mumba alikuwa ameshaingia kwenye atelye ya bunduki za kuwinda, ya bwana mmoja mjini. Chef, yaani mkuu wa atelye hiyo, alinichukua kwa sababu Mumba alinisemea vizuri. Ndiyo, Mumba. Hata ugali wa watoto wangu ulipitia mdomoni mwake, na alinisaidia bila hata kujisifu. Fikirini hilo linavyouma.

Nieleze kidogo bunduki ilivyo ndani. Risasi hulipuka inapogongwa na pini yenye nguvu ya springi. Pini hiyo inazuiwa isiruke na kijino kidogo cha chuma. Ukivuta kifyatulio kwa kidole, jino linaachia, pini inaruka. Kuna pia kifungo cha usalama, ambacho kikifungwa pini haiwezi kwenda hata ukivuta. Springi nyingine ndogo inarudisha kifyatulio mahali pake ukikiachia. Ni vitu vichache, vyote vinaingia kwenye kiganja, na vikikosana kidogo tu mtu anazikwa. Kabla ya kugusa bunduki yoyote tulifungua na kutia kidole ndani kuhakikisha haina risasi, hata kama mwenzako ametoka kufanya hivyo sasa hivi mbele yako. Chef alimfukuza mtu kwa kuliruka jambo hilo.

Sifa za Mumba zilitoka kwenye kifyatulio. Wawindaji walikuwa wanapenda kifyatulio chepesi, maana kizito kinautikisa mkono na mnyama anapona. Mumba aliweza kukifanya kiwe chepesi mpaka unakiwaza tu na kinaachia. Walimjia kutoka kila upande. Wakinikuta mimi benchini walinisalimia kwa adabu, kisha wakauliza Mumba anarudi saa ngapi.

Na kulikuwa na desturi ya shingo. Mwindaji akiua mara ya kwanza kwa bunduki iliyotoka kutengenezwa, shingo ya mnyama ililetwa kwa fundi aliyefunga skurubu ya mwisho, nyumbani kwake, mchana, majirani wakiona. Mimi na Mumba tulikaa barabara moja. Shingo zilipita mbele ya geti langu kwenda kwake, za ngiri, za nguruwe pori, za swala. Mke wangu, Mama Régine, alikuwa akifagia uwanja polepole zaidi zikipita. Hakuwahi kuniuliza kitu, na ningependa angeuliza.

Sasa nafika kwenye bunduki yenyewe. Kulikuwa na mkulima wa Kapolowe, Bwana Chisenga, ambaye nguruwe pori walikuwa wanamlia mahindi. Alikuwa na kibali chake, akanunua bunduki iliyotumika kwa mwindaji mmoja aliyeacha kuwinda. Aliileta kwetu, Mumba akamlainishia kifyatulio, akaenda nayo ameridhika. Mvua za kwanza zilipoanza alirudi, uso umemshuka. Alisema bunduki imelia yenyewe porini. Hakuigusa. Risasi ilipita karibu na mguu wa mdogo wake, ambaye kila wanapokwenda ndiye anatangulia kufuata nyayo. Mdogo wake alidhani kaka yake ameona mnyama. Chisenga hakuwa amethubutu kumwambia ukweli.

Chef aliamuru ipimwe. Mumba aliifungua, akahakikisha iko tupu, akavuta pini tayari kupiga, akagonga kitako kwa nyundo ya mpira. Pini haikuruka. Akagonga upande huu na upande ule, akaiangusha kitako juu ya ubao. Hakuna. Alifunga na kufungua bunduki kwa nguvu, jino likashika vizuri. Chef akamwambia Chisenga kwa upole kwamba bila shaka kidole kiliteleza, inatokea kwa watu wengi, achukue bunduki yake.

Nilisema kutoka benchi langu kwamba bunduki ile isitoke. Kwa nilivyokiona kikicheza, kifyatulio kililegea mno, springi yake ndogo ya kukirudisha ilikuwa haina nguvu. Mtu mmoja akacheka. Chef hakucheka.

"Ngoie, bantu bote hapa banajua weye iko na wivu ya Mumba," aliniambia. "Bunduki imepimwa. Haina na mubaya."

"Wivu iko, Chef. Minye sikatale," nilimjibu. "Lakini wivu yangu haiko mu ile springi. Ule mudogo wake anatembeaka mbele."

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa kujulikana kwa jambo moja. Nilikuwa nasema kweli, na kila aliyenisikia alisikia mtu anayetaka kumwangusha mwenzake. Nilitaka kumwangusha, sawa. Lakini bunduki ile ingerudi Kapolowe, na jioni moja wangeingia kwenye mahindi, mdogo mbele, kaka nyuma na mtutu. Na mimi ningekuwa nimekaa nyumbani na ukweli wangu usiomsaidia mtu.

Nikamkumbuka Ingénieur. Nilikwenda kusimama mlangoni ili Chisenga asipite, nikamwomba asinieleze tena bunduki ilivyolia. Nilimwomba aishike ikiwa tupu na atembee humo atelye kama anavyotembea porini, asiruke kitu chochote, hata kile anachokiona cha kijinga. Chef alitaka kunizuia. Aliyemwambia aniache nijaribu ni Mumba.

Chisenga aliona aibu kidogo, akaanza. Alivuta pini tayari, akafunga kifungo cha usalama. Kisha akafanya kitu kwa haraka sana, bila kukitazama. Alivuta kifyatulio mara moja, akaachia. Akatembea hatua chache, akainama nyuma ya mashine ya kukereza kana kwamba kuna nguruwe ng'ambo, akaweka kidole mbali kabisa na kifyatulio, akasukuma kifungo cha usalama kukifungua. Pini ikaruka. Sauti yake ilikuwa ndogo, tak, na kila mtu aliisikia.

Nilimuuliza kwa nini alivuta pale mwanzoni. Alishangaa swali lenyewe. Alisema baba yake alimfundisha hivyo kwenye gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti iliyofuliwa kijijini. Kabla ya kuondoka unavuta kidogo kuhisi kama nyundo imetulia. Kwenye gobore ni hekima. Wawindaji wengi wa pande zile wamekulia kwenye gobore, na mkono wao haujui kwamba umebadilishiwa bunduki. Alivuta kuhakikisha kifungo cha usalama kinashika. Bunduki iliyo nzima ingemvumilia. Lakini hii, kifyatulio kilipovutwa hakikurudi mahali pake, springi haikuwa na nguvu ya kukirudisha. Jino likabaki limeachia, na pini ikashikiliwa na kifungo cha usalama peke yake. Alipofungua kifungo, hapakuwa na kitu tena cha kuizuia.

Nilimtazama Mumba. Naweza kukiri kwamba niliisubiri saa ile miaka mingi. Nilitaka kuona atasema nini, atamsingizia nani. Alikuja, akaichukua bunduki mkononi mwa Chisenga, akaitazama chini ya taa.

"Njo minye niliikata ile springi, ili ikuwe laini," alimwambia Chisenga mbele ya watu wote. "Weye haukukosa kintu. Minye njo nilikosa. Na Ngoie amekuokolea mudogo wako."

Basi. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na watu wakamtazama kwa heshima zaidi kuliko jana yake. Hata kukosea alijua kukosea vizuri. Mimi niliyekuwa na haki nilibaki nimesimama mlangoni kama mlinzi.

Chef aliniambia niitengeneze mimi. Nilijaribu. Springi ya namna ile haikuwepo dukani, ilibidi kuisokota kwa mkono kutoka kwenye waya wa chuma kigumu. Yangu ya kwanza ilikuwa kali mno, ya pili ikavunjika. Chisenga alikuwa anangoja gari la kurudi Kapolowe. Mwisho Chef akaihamishia bunduki benchi la pili bila kunitazama, na Mumba akakaa. Alisokota springi, akabadilisha jino lililolika, akalikwangua lile jipya kwenye jiwe taratibu. Nilisimama nyuma ya bega lake. Kazi ilikuwa safi mno hata nikasahau kuchukia, kisha nikakumbuka. Tulimfanya Chisenga arudie mwendo wake wote wa gobore mara nyingi, na pini haikuruka tena. Mumba akafunga skurubu ya mwisho.

Mnajua basi shingo ilikwenda wapi. Ilikuwa ya nguruwe pori mkubwa, ilipita mbele ya geti langu juu ya baiskeli. Mumba alikata nusu, akamtuma mke wake ailete kwangu. Niliirudisha. Nusu ya shingo hupewa mtu aliyesaidia kushika taa. Mama Régine hakusema nami mpaka kesho yake, maana ilikuwa nyama nzuri. Chef alipostaafu, kiti alikipata Mumba, nikamaliza miaka yangu chini yake. Alikuwa mkuu mwema, na tangu siku ile, mwenye bunduki yoyote iliyoletwa kwa ugonjwa aliombwa kwanza aonyeshe jinsi anavyotembea nayo. Watu wanaiita njia ya Mumba.

Sasa tumestaafu wote wawili, na barabara ni ileile. Mkitaka ushauri kutoka kwangu, ni huu. Msilainishe kifyatulio kwa kukata springi, hata mteja akipiga magoti. Na mwenye wivu akiwaambia kitu, kipimeni kitu alichosema, mkimaliza ndipo mumcheke yeye.

Mwezi uliopita mtu mzima mmoja alisimama getini kwangu, amebeba furushi la nyama lililofungwa kwa majani. Alinisalimia vizuri, akauliza nyumba ya Papa Mumba, yule fundi wa bunduki. Nilimuuliza ametoka wapi. Akasema Kapolowe, ametumwa na kaka yake, Papa Chisenga, ambaye miguu haimruhusu tena kuja mjini.

"Zamani bunduki yetu ilikuwaka na bugonjwa, Papa Mumba aliiponyesha," alisema. "Sijue bugonjwa gani, yaya hakuniambiaka. Na weye, papa, ulikuwaka unafanya kazi gani?"

Ndiye yule mdogo aliyekuwa akitangulia mbele ya mtutu, na kaka yake, anayemwita yaya, hakuwa amemwambia mpaka leo. Maneno yalinijaa mdomoni. Nikamjibu kwamba nilikuwa fundi tu wa atelye, nikamwonyesha nyumba ya Mumba kwa kidole. Alinishukuru, akageuka kwenda zake. Alikuwa na shati jeupe la kanisani na mgongo mpana wa mtu aliyelima sana. Niliutazama mpaka alipokata kona. Nyama apate Mumba. Mgongo ule ni wangu.