Bei ya Huko Duniani

Nilikuwa kidato cha pili mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili kabla, kwa hiyo nilirudi nyumbani, kijiji kilichoko njia ya kupandia Chome, nikashika jembe na wadogo zangu wawili. Tangawizi ndiyo iliyotulisha. Mdogo wa kiume alimaliza kidato cha nne, akajifunza kompyuta mjini Same. Wa mwisho, wa kike, alichaguliwa chuo cha uuguzi. Ili apokelewe zilihitajika milioni moja na laki mbili, na mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa.

Nilikuwa nimeshauza tangawizi ya msimu ule mapema, kwa bei ya chini, na fedha yake ilikuwa imeshapita. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa na kitu. Kwa miezi mitatu alikuwa akikata na kuunganisha video za mtu mmoja aliyekuwa nje ya nchi, kwa kompyuta ya kuazima, na mtu yule alimlipa kwa bitikoini, sarafu ya mtandaoni. Jumatatu alinipeleka kwenye tenki la maji la kijiji, mahali pekee ambapo mtandao hukaa, akanionyesha simu.

"Hii hapa," alisema.

Niliona sifuri, nukta, sifuri, sifuri, tisa.

"Hii ni kitu au ni sifuri?"

"Shuka chini, dada. Soma kwa shilingi."

Chini yake paliandikwa milioni moja, laki tano na elfu ishirini. Alikuwa ameshaigawa: milioni moja na laki mbili ya chuo, na laki tatu na elfu ishirini ya kununua kompyuta yake mwenyewe, iliyotumika. Alikuwa ameshaichagua.

Kuibadilisha kulikuwa hivi: unaitangaza kwenye programu, mnunuzi usiyemjua anakutumia shilingi kwa simu, ukithibitisha zimeingia unabonyeza, naye anapata sarafu. Jumatatu hiyohiyo mnunuzi alipatikana. Kisha akauliza mbona jina la akaunti ni la mwanamume na namba ya simu ni ya mwanamke.

Laini ile niliisajili mimi, kwa vidole vyangu. Laini zote za nyumba yetu ziko kwa jina langu, kwa sababu nilikuwa mtu pekee mwenye kitambulisho cha taifa. Mdogo wangu alifungua akaunti yake kwa kadi ya mpiga kura, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja majina mawili yatatakiwa kufanana.

"Ni dada yangu," alimwandikia.

"Wezi wote simu ni za dada zao," yule alijibu, akaondoka.

Jumanne mnunuzi wa pili alikataa vilevile, bila utani. Jumatano asubuhi tulipopanda tena kwenye tenki, sifuri-sifuri-tisa ilikuwa ileile, lakini shilingi zilikuwa milioni moja, laki nne na thelathini.

"Nani kachukua?" niliuliza.

"Hakuna aliyechukua. Imeshuka."

"Imeshukia wapi?"

Tulishuka Same.

Aliyetajwa kuwa hununua mkono kwa mkono alikuwa fundi simu, mtu wa rika langu, mwenye kibanda karibu na stendi. Alitukaribisha, akatazama simu ya mdogo wangu, akasema milioni moja, laki mbili na sabini.

"Kaka, soma," mdogo wangu alisema. "Laki nne na thelathini hiyo."

"Nimesoma. Hiyo ni bei ya huko duniani."

"Na hapa Same?" niliuliza.

"Hapa Same niko mimi."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Tangawizi nayo ina bei ya redioni na bei ya yule aliyesimama mbele yako na gari. Nilimwambia kilo hii haiozi wala haina udongo, kwa nini aikate kiasi hicho. Alicheka, akaongeza elfu ishirini. Nikakaa kwenye kigoda chake kama mtu asiye na safari. Tulifika laki tatu na kumi, na nikamwambia aweke na ya kutolea.

Mdogo wangu aliniita nje. "Tusubiri mpaka Ijumaa, dada. Itarudi. Tukiuza leo tunapoteza laki mbili."

"Hazijafika kwetu. Utapotezaje kisichofika?"

"Nimeziona."

"Ndivani pia unaona maji mengi."

Alijua nilichosema. Tangu mtoto amefungulia maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, akayafuata mferejini mpaka shambani, na anajua hupungua kiasi gani njiani. Kompyuta ilikuwa imekwenda na tulijua wote wawili. Kisha akarudi ndani akasema, "Haya."

Meseji iliingia kwenye simu yangu, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Ngoja," nilisema. Meseji mtu yeyote anaweza kuandika. Niliangalia salio kwanza.

"Dada huyu alishapigwa?" fundi aliuliza.

"Bado."

Salio lilikuwa sawa. Mdogo wangu akabonyeza.

Ada tuliilipa palepale nje ya kibanda. Jibu la chuo lilirudi na jina la mlipaji, ambalo ni langu. Aliisoma meseji ile mara mbili.

"Hela yangu, jina lako, shule ya mwingine," alisema, akanirudishia simu. Zilizobaki nilimpa zote. Hazikufika hata nusu ya kompyuta.

Yule wa mwisho sasa yuko mwaka wa pili. Mdogo wangu bado anafanya kazi kwa kompyuta ya kuazima, na bei ile ikipanda huniandikia: "Leo ingekuwa milioni mbili na nusu." Namjibu kwamba mdogo wetu yuko wodini, zamu ya asubuhi. Ikishuka haandiki.