Kengele ya Uji

Kamati iliniomba niandike historia ya shule yetu ya wasichana kwa sababu nilisoma pale, na ofisini kwangu mjini Kisii nina kompyuta. Wiki tatu sikutulia. Naandika aya, nainuka, nachemsha chai, narudi, nafuta.

Kilichoniwasha ni sentensi moja waliyonipa tayari: wakati wa vita vya pili vya dunia, shule ilifungwa kwa muda mfupi. Mfupi kwa nani?

Nyanya yangu alikuwa darasa la tatu. Masista walioiendesha shule waliwaambia wasichana waende nyumbani na masanduku yao kwa kuwa jeshi linataka mabweni. Wanajeshi wakiondoka, wakasema, mtasikia kengele. Kwao ni juu ya kilima cha Manga, na kengele ilifika hadi shambani. Siku ya pili ikalia. Akajitwika sanduku, akateremka mbio, na langoni akakuta askari na bakuli zao. Walikuwa wakiitana kunywa uji kwa kengele ile ile. Nyanya hakukoma. Kila ilipolia aliteremka, akiogopa kwamba siku atakayokaa ndiyo itakayokuwa ya kweli. Majirani wakamcheka, baba yake akaona aibu, akapokea ng'ombe wa mahari. Masista walipopiga kengele yao hatimaye, nyanya alikuwa na mtoto mgongoni. Aliisikia, akaendelea kupalilia wimbi.

Niliisomea kamati haya. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alisema kwa upole kwamba kitabu ni cha kumshukuru Mungu, na orodha ya wanafunzi ni ya waliomaliza. Nilikasirika. Jina la nyanya lingekosekana kabisa, na ana zaidi ya miaka tisini. Kitabu kingine hatakiona.

Jumapili nilipanda Manga na karatasi zangu. Nilimkuta akimenya ndizi, nikamsomea yote kwa Ekegusii, ng'ombe na kicheko cha majirani vikiwemo. Nilidhani angeniambia niyaache ya zamani. Aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo wao wa kamati wanajua kwamba niliacha shule?"

Nikamwambia wanajua, niliwasomea. Akanyoosha kidole kwenye karatasi zangu.

"Basi andika kwamba nilikuja. Kila walipoita, nilikuja."

Niliandika hapo hapo, kwa kalamu, karatasi ikiwa juu ya goti. Jumatatu asubuhi niliipeleka historia kwa mchapishaji, jina la nyanya likiwa la kwanza kwenye orodha, na simu ya mwenyekiti sikuishika.