Spika Ndani ya Mtungi

"Shauri la Kutumia Mtungi wa Nyumbani Kinyume cha Kusudio." Ndivyo karani wa chifu kule Nyalenda alivyoliandika nikisubiri zamu yangu. Mama mmoja alilalamika kwamba mumewe ametia spika ya redio kwenye mtungi wake wa maji ya kunywa, ati muziki uwe na besi.

"Wageni wangu wanywe nini, Bwana? Besi?"

"Hebu sikia kwanza, Bwana karani," mume akajitetea, akiuweka mtungi mezani na kuunganisha nyaya kwenye betri ya gari aliyokuja nayo.

Meza ikatetemeka kwa mdundo. Mguu wa karani ukacheza chini yake, lakini uso ukabaki wa kiserikali. Akatangaza kwamba uchunguzi unaendelea.

Mtungi ulizuiwa ofisini kama ushahidi, ukapiga muziki hadi jioni. Mama alikwenda bombani na sufuria.