Kidonge Kilichokataa Kuyeyuka

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutazama vidonge vikiyeyuka. Watu wakimuuliza anafanya kazi gani aliwajibu hivyo hivyo, nao wakacheka wakidhani ni mzaha. Wenzake katika maabara ya kupima dawa walimwita Mama Sekunde, kwa sababu ya saa ya kupimia muda aliyoning'iniza shingoni kama kidani, na kwa sababu hakuwahi kuchelewa mahali popote. Hata siku ya harusi yake alifika kabla ya bwana harusi, na kabla ya viti.

Mashine yake ilikuwa na vyombo sita vya kioo, vimezama katika beseni la maji yenye joto sawa na la mwili wa mtu. Ndani ya kila chombo kijiti chenye bapa kilizunguka taratibu, kama mtu anayekoroga chai huku ana mawazo. Alitumbukiza kidonge kimoja katika kila chombo, akabonyeza saa, na kila baada ya dakika kadhaa akavuta maji kidogo kwa bomba la sindano na kuyapeleka kwenye mashine ya pili, iliyomwonyesha ni dawa kiasi gani imeshatoka kidongeni. Kwa vidonge vya mzio, ile aleji ya mafua na macho kuwasha, kipimo kilikuwa hiki: ndani ya nusu saa, angalau asilimia themanini ya dawa iwe imeingia majini. Kidonge kisichoyeyuka hakimsaidii mtu. Kinapita tumboni kama mgeni asiyevua viatu.

Jumatatu moja mkuu wa maabara alimletea aina nne za vidonge hivyo, kutoka viwanda vinne, azilinganishe. Alizipima moja baada ya nyingine. Za boksi la bluu, la kijani na la njano ziligeuka wingu jeupe kabla ya dakika kumi. Aina ya nne, ya boksi jeupe, ambayo ndiyo iliyogawiwa katika kliniki za umma, ilikaa chini ya vyombo kama vifungo vya shati. Akadhani amekosea. Akasubiri. Nusu saa ilipotimia, vidonge sita vyote vilikuwa vimetoa asilimia thelathini na moja tu.

Akaketi. Boksi lile alilifahamu. Lilikuwa dirishani kwa dada yake mkubwa, karibu na mswaki.

Dada yake alishona pindo za mablanketi kiwandani, na manyoya ya kitambaa yalimvimbisha macho hadi yakabaki vijistari. Mwezi wa nne sasa alikuwa akimeza vile vidonge vyeupe, siku nyingine viwili kwa mpigo. "Mwili wangu umekuwa sugu, mdogo wangu," alizoea kusema. "Dawa inanipita tu."

Mama Sekunde alirudia kipimo kwa vidonge vingine kumi na viwili. Thelathini na tatu. Akachukua karatasi zake akaenda ofisini kwa mkuu wa maabara, mzee mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Mashine ilikaguliwa lini?" mzee akauliza.

"Wiki iliyopita, bosi. Na zile aina tatu zimepita vizuri kwenye mashine hiyo hiyo."

Mzee alisoma kwa muda mrefu, akavua miwani. "Kazi nzuri. Tutaipeleka juu."

"Na kliniki? Si waambiwe waache kugawa kwanza?"

"Sisi tunapima. Kutangaza si kazi yetu. Ukitoa namba nje kabla haijapitishwa, watakuuliza nani alikutuma, na hakuna atakayeuliza habari ya kidonge."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyewahi kujaribu.

Siku nne Mama Sekunde aliuma ulimi. Ya tano alikwenda kwa dada yake, akamkuta amejiegemeza na kitambaa cha maji baridi machoni.

"Dada, acha hivi. Tafuta vya boksi la kijani."

"Hivi vina nini?"

"Havikufai tu."

"Wewe umejuaje kama havinifai?"

Akamwambia yote. Dada yake aliondoa kitambaa, akamtazama kwa macho mekundu.

"Miezi yote hii najilaumu mwenyewe," akasema polepole. "Msimamizi aliniambia najikuna ili nipate kupumzika. Nikaanza kuamini." Akakunja kitambaa magotini. "Na wenzangu kule kliniki? Tunajaza benchi zima. Umewaambia?"

"Siwezi, dada."

"Huwezi au huruhusiwi?"

Mdogo mtu alikichukua kitambaa, akakiloweka upya.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kliniki peke yake. Hakuugua chochote, aliketi tu kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa. Pembeni yake alikaa fundi mmoja mpaka rangi, suruali ina madoa ya kila ukuta aliowahi kuugusa, akipiga chafya mfululizo. Alipoitwa alipewa boksi jeupe. Mama Sekunde akamfuata hadi mlangoni.

"Samahani, kaka. Hivyo vidonge havifanyi kazi. Omba vya aina nyingine."

"Wewe ni daktari, mama?"

"Hapana. Napima dawa."

"Una karatasi inayosema hivyo?"

Karatasi ilikuwa juu, katika faili, kwenye meza ya mtu asiyemjua. Akatikisa kichwa. Yule mpaka rangi alimwonea haya, akatia boksi mfukoni. "Basi ngoja nimalize hivi kwanza," akasema kwa upole, akaenda zake.

Kila Ijumaa alipiga simu ofisi za juu. Faili liko kwa mkubwa. Mkubwa yuko kikaoni. Faili limepelekwa kwa mwanasheria. Mwanasheria yuko likizo. Karani aliyepokea simu alimzoea, akawa anamwuliza habari za nyumbani kabla ya kumwambia hakuna jipya.

Dada yake alipata nafuu kwa vidonge vya kijani. Wiki ya pili macho yalifunguka. Lakini msimamizi alikuwa ameshaandika kwamba ni mzembe na mgonjwa mgonjwa, na mkataba ulipokwisha haukurudiwa. Sasa anapinda mapazia nyumbani, kazi inapopatikana. Hajawahi kumlaumu mdogo wake, na mdogo wake angependa amlaumu.

Jibu lilikuja katika mwezi wa tano wa kusubiri, mistari minne. Toleo la vidonge lililotajwa lilikwisha kugawiwa lote, hakuna akiba iliyobaki ya kuondolewa, hivyo suala limefungwa. Mama Sekunde alilisoma amesimama ofisini kwa mkuu wa maabara, akalisoma tena ameketi.

"Wamemaliza kulifikiria?" akauliza.

"Watu wamemaliza kulimeza," alijibu mkuu wa maabara.

Wiki iliyofuata lilifika toleo jipya la boksi jeupe. Alitumbukiza vidonge sita, akabonyeza saa. Viliyeyuka vyote, asilimia tisini na moja. Mzee alipita, akachungulia namba kutoka nyuma ya bega lake.

"Umeona? Mambo yamejirekebisha."

Alisimamisha saa. "Ndiyo, bosi," akasema, akatia sahihi.